Pakiti imeandikwa "vegani", nyuma "huenda ina maziwa": uzi wa wenye mzio na wazazi wao

#1 Mama_wa_Kalamu (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Mwezi huu nimeulizwa swali moja na wazazi wanne, kila mmoja kwa wakati wake: "Vitafunwa hivi vimeandikwa vegani, kwa hiyo havina maziwa. Mwanangu mwenye mzio wa maziwa si anaweza kula?" Nimeona niandike hapa mara moja, kila mwenye shida hii asome, na wanaojua kuliko mimi wanisahihishe.

Jibu langu: usimpe kwa kuliamini neno hilo peke yake. Nilijifunza kwa uchungu.

Mwanangu ana mzio wa protini ya maziwa tangu akiwa na miezi saba. Siongelei tumbo kujaa gesi. Wake ni wa midomo kuvimba na kifua kubana. Miaka miwili iliyopita nilinunua biskuti zilizopakwa chokoleti. Mbele kulikuwa na jani la kijani na neno VEGANI, herufi nene kama kidole gumba. Nikageuza, nikasoma viambato kimoja kimoja, maziwa hamna. Nikampa moja. Hajafika nusu akaanza kujikuna shingo, vipele vikapanda hadi masikioni, kisha kikaja kile kikohozi kikavu ambacho mzazi wa mtoto wa aina hii anakitambua hata akiwa chumba kingine. Nikamchoma kalamu ya adrenalini (sindano ya dharura ya mzio) pajani, tukakimbia hospitali. Alipona.

Usiku ule niliitandaza ile pakiti mezani. Kwenye mshono wa nyuma, pale karatasi inapokunjwa na kugundishwa, kulikuwa na mstari mmoja wa maandishi madogo: "Imetengenezwa kwenye kiwanda kinachotumia pia maziwa." Nilikuwa nimeuchana katikati wakati nafungua.

Tangu hapo nimesoma sana, na hiki ndicho nilichoelewa.

Neno "vegani" linakuambia mtengenezaji *alikusudia* kuweka nini. Hakuweka maziwa, mayai, asali wala kitu kingine cha mnyama. Mwenye mzio ana swali jingine: ni nini *kimeingia* humo, kwa kusudi au kwa bahati mbaya? Mtengenezaji anaweza kuwa mkweli kabisa kwenye swali la kwanza na mtoto wako akaishia wodini kwa sababu ya swali la pili. Hata Vegan Society ya Uingereza, iliyoanzishwa 1944 na ambayo alama yake iko kwenye pakiti tangu 1990, inasema wazi kwamba alama hiyo haina maana kuwa chakula ni salama kwa mwenye mzio.

Kisheria pia neno lenyewe linaelea. Chakula kikiandikwa "hakina gluteni" (protini ya ngano), Marekani na Umoja wa Ulaya wana kipimo: kisizidi miligramu 20 kwa kilo. "Vegani" halina kipimo cha namna hiyo. Hakuna namba ya maziwa ambayo ikivukwa mtengenezaji analazimika kulifuta neno.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliwahi kupima chokoleti nyeusi 94. Sita tu ndizo zilitaja maziwa kwenye viambato. Katika zile 88 zilizobaki, 51 zilikutwa na maziwa. Wazazi wengi tunakimbilia chokoleti nyeusi tukidhani tumejiokoa.

Na Uingereza, Desemba 2017, mwanamke mwenye mzio mkali wa maziwa alifariki baada ya kula mkate wa kukunja uliouzwa kama vegani. Ndani kulikuwa na mbadala wa mtindi uliotakiwa usiwe na maziwa kabisa. Uchunguzi ulifuata mnyororo nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye wanga uliotumika kuufanya ule mbadala uwe mzito. Wanga huo ulichafuka na protini ya maziwa huko ulikotengenezwa. Aliyeuza mkate hakuugusa ule wanga, na aliyetengeneza wanga hakuuona mkate.

Jambo la mwisho kwenye bandiko hili. Maziwa na mayai yakitolewa, kuna kitu kinaingia badala yake, na mara nyingi ni korosho, lozi, soya, ufuta au lupini. Kwa hiyo mwenye mzio wa korosho akienda rafu ya vegani anaingia palipojaa adui yake kuliko rafu ya kawaida. Lupini ni jamii ya kunde, ndugu wa karanga, na baadhi ya wenye mzio wa karanga huitikia lupini pia. Umoja wa Ulaya unalazimisha itajwe kwa mkazo, ni mojawapo ya vizio 14 vyao, yaani vyakula vinavyoleta mzio. Kwenye orodha ya Marekani ya vizio 9 haimo.

Naomba kuwasilisha.

---

#2 Majani_Mabichi

Dada, pole sana kwa mtoto, na asante kwa uzi.

Mimi ni vegani kwa ajili ya wanyama, mwaka wa sita huu. Niseme upande wetu, maana kuna watu wanaona "vegani" na "huenda ina maziwa" kwenye pakiti moja wanasema tunadanganywa. Mimi nikiona hivyo nanunua na kula. Zile chembe zilizobaki kwenye mashine hazijamfanya mtu akamue ng'ombe wa ziada. Ningesema nisiguse kitu chochote kilichopita kwenye mashine iliyowahi kupitisha maziwa, viwanda vingi visingejaribu kabisa kututengenezea.

Kwa hiyo kwangu maneno yale mawili hayapingani. Ninachokipinga ni kampuni kuandika "haina maziwa" mbele kwa herufi kubwa na "huenda ina maziwa" nyuma kwa herufi za sisimizi. Hiyo "haina maziwa" mteja wake ni mwenye mzio, si mimi. Waiache mpaka wawe wamepima.

---

#3 Hoja_Kwanza

Mimi nitatofautiana kidogo. Nina mzio wa karanga tangu utotoni. Hizi "huenda ina karanga" ziko kila mahali, hadi kwenye vitu ambavyo karanga haina njia ya kufika. Ni wanasheria wa kampuni wanajikinga. Nimekula vitu vyenye onyo hilo zaidi ya miaka kumi, sijawahi kupata chochote. Ukizifuata zote utakufa njaa.

---

#4 Mama_wa_Kalamu (mleta uzi)

Mkuu #3, nusu ya unachosema nakubali kabisa. Onyo la "huenda ina" ni la hiari Marekani na pia Umoja wa Ulaya. Sheria inalazimisha kutaja kizio kilichowekwa kama kiambato. Chembe zilizoingia kwa bahati mbaya hakuna anayelazimishwa kuzitangaza kwa maneno yale. Matokeo yake kampuni moja inapima na kuandika, nyingine inaandika bila kupima, ya tatu ina hatari ileile na haiandiki kabisa. Hilo la tatu ndilo linanitisha kuliko yote, kwa sababu wazazi wanachukulia kimya kuwa ni usalama.

Nusu nyingine sikubali, na nakuomba ndugu yangu uifikirie. Uchafu wa aina hii hausambai sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Unakuja kwa mabonge. Kipande cha karanga kinanasa kwenye kona ya mashine siku tatu, siku ya nne kinang'oka na kuangukia pakiti moja. Pakiti mia ulizokula salama hazikuelezi chochote kuhusu hiyo moja.

---

#5 Fundi_wa_Zamu

Nimefanya kazi kwenye laini za chokoleti na biskuti miaka tisa, sasa niko upande wa ubora. Niwape picha ya ndani, kwa sababu nikisoma maneno "kusafisha mashine" naona watu wanafikiria sufuria na sabuni.

Chokoleti haioshwi kwa maji. Maji kidogo yakiingia, chokoleti inakuwa nzito kama udongo wa kufinyanga, inaziba bomba. Na unyevu ukibaki humo unafuga bakteria. Salmonela kwenye chokoleti ni kitu tunachokiogopa sana. Sasa fikiria mabomba marefu yenye joto, pampu, kona, matangi, vyote vimepakwa chokoleti ya maziwa. Ukitaka kuhamia chokoleti ya vegani unasukuma. Unapitisha chokoleti ya vegani au siagi ya kakao, mamia ya kilo, hiyo ya kwanza inakwenda kutumika kwenye bidhaa ya maziwa, kisha unasema sasa laini ni safi. Swali ni kilo ngapi zinatosha. Kiwanda makini kimepima sampuli baada ya kilo 100, 200, 300, hadi kujua protini inashuka lini na inabaki wapi. Kiwanda kisicho makini kina namba aliyoirithi fundi kutoka kwa fundi mwenzake.

Kwenye biskuti adui ni vumbi. Unga wa maziwa ni mwepesi. Ukimwaga mfuko kwenye mashine ya kuchanganyia unaona wingu linapanda, linakaa juu ya taa, juu ya mabomba, kwenye mikono ya koti la mwenzako. Kesho yake mashine imesafishwa vizuri, lakini feni ikiwashwa lile vumbi la juu linashuka. Ndiyo maana mpangilio wa zamu una uzito: bidhaa isiyo na kizio inatangulia mara tu baada ya usafi mkubwa, yenye maziwa inafuata. Ukiona kiwanda kinapanga kwa kufuata oda za wateja tu, jua hatari ipo.

Halafu kuna mabaki. Biskuti zilizovunjika hazitupwi, zinasagwa na kurudishwa kwenye mchanganyiko unaofuata. Ndoo ya mabaki ikikosa lebo, au ikiwa na lebo ya jana, biskuti za maziwa zinaishia ndani ya unga wa vegani. Nimeshuhudia ndoo mbili nyeupe zikiwa zimesimama bega kwa bega, moja kizio kimejaa na moja haina, na kijana mgeni akauliza "ipi ni ipi?" Tulizitupa zote mbili. Meneja alilalamika gharama, mimi sikujuta hata dakika moja. Baada ya siku ile kila ndoo ina rangi yake, na mfuniko una rangi ileile.

La mwisho ni pakiti yenyewe. Karatasi za ladha mbili zinafanana, mtu anaweka roli ya karatasi ya bidhaa nyingine, biskuti za maziwa zinafungwa kwenye karatasi ya vegani. Hapo hakuna chembe tena, ni maziwa kamili. Bidhaa nyingi zinazoondolewa sokoni kwa ajili ya vizio visivyotajwa chanzo chake ni kosa la karatasi au lebo.

Na mkiuliza kampuni kuhusu vipimo, ulizeni ni kipimo gani. Viwanda vingi hupangusa mashine na kijiti kinachoonyesha kama kuna mabaki ya viumbe hai, namba inatoka chini, wanafurahi. Kipimo hicho kinaonyesha usafi wa jumla. Hakitambui protini ya maziwa. Kwa mzio unahitaji kipimo kinachotafuta protini hiyo yenyewe.

---

#6 Mgeni_Humu

Fundi, asante, sikujua kabisa habari za maji na chokoleti.

Swali: hiyo "protini kidogo" inayomdhuru mtu ni kiasi gani? Maana ukisikia miligramu kwa kilo haisemi kitu.

---

#7 Mama_wa_Kalamu (mleta uzi)

Swali zuri sana, na ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa.

Miligramu kwa kilo inakuambia chakula kimechafuka kiasi gani. Mwili wa mtoto unahesabu miligramu alizomeza. Katikati ya hayo mawili kuna ukubwa wa anachokula. Tuseme biskuti zina miligramu 10 za protini ya maziwa kwa kila kilo. Akila kipande kimoja cha gramu 20 amemeza miligramu 0.2. Akimaliza pakiti ya gramu 200 amemeza miligramu 2. Biskuti zilezile, uchafu uleule, dozi mara kumi.

Wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, waliokutana kuanzia 2020 walipendekeza kiwango cha rejea cha miligramu 2 za protini kwa maziwa, mayai, karanga na ufuta, na miligramu 1 kwa korosho. Kwa dozi hiyo wanatarajia wengi mno wa wenye mzio wasionyeshe dalili, lakini si wote. Mpango wa VITAL wa Australia, unaosaidia viwanda kuamua lini waweke onyo, ulikuwa umeweka kiwango kikali zaidi, miligramu 0.2 kwa maziwa. Unga wa maziwa usio na mafuta una protini kama theluthi moja hivi, kwa hiyo miligramu 2 za protini ni kama miligramu 6 za unga. Haijazi ncha ya kisu.

Nasisitiza: namba hizi ni za viwanda kuamulia kama waweke onyo. Mzazi asizichukue kupimia mtoto wake nyumbani. Mtoto wako anaweza kuwa kwenye lile kundi dogo, na mtoto yuleyule akiwa na homa, au amekimbia sana, anaweza kuitikia dozi ambayo juzi ilipita salama.

---

#8 Ufuta_Hapana

Binti yangu ana mzio wa ufuta, na nataka niwaeleze kitu kilichotuumiza wengi.

Marekani iliongeza ufuta kama kizio cha tisa kwa sheria ya 2021, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Tulishangilia. Kisha baadhi ya waoka mikate wakaona kusafisha ufuta ni kazi kubwa, punje zinajificha kila mahali, wakaamua kuongeza unga kidogo wa ufuta kwa makusudi na kuutaja kwenye viambato. Kisheria wamekamilika, maana wametaja. Mikate ambayo watu walikuwa wanakula miaka yote ikawa haigusiki ghafla, pamoja na ile isiyo na kitu chochote cha mnyama.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wote: soma viambato KILA unaponunua, hata kitu ulichokinunua wiki jana. Mapishi hubadilika na pakiti inabaki na sura ileile.

---

#9 Majani_Mabichi

Hii sikuijua, na inaniuma.

Niongeze ya protini ya njegere, maana sasa imejaa kwenye vitafunwa vyetu vya kujenga mwili. Haimo kwenye 9 za Marekani wala 14 za Ulaya, kwa hiyo hutaiona imekolezwa wino. Lakini imekamuliwa ikawa protini tupu, kipande kimoja kina nyingi kuliko sahani ya njegere, na wapo wenye mzio wa karanga wanaoitikia. Itafute kwenye orodha kwa macho yako.

---

#10 Nesi_wa_Usiku

Nimesoma yote. Naongeza la upande wangu tu, kwa sababu naona makosa haya wodini.

Mtu akianza kubanwa kifua, sauti kukwaruza, kutapika mfululizo au kulegea baada ya kula, adrenalini ndiyo ya kwanza, paja la nje, hata juu ya nguo. Vidonge vya kupunguza mzio vinasaidia kuwasha na vipele. Havifungui njia ya hewa wala havipandishi presha iliyoshuka. Watu wanampa kidonge wanasubiri waone, muda unakwenda. Mlaze, miguu juu. Akishindwa kupumua mwache akae, lakini asisimame wala kutembeatembea. Ita msaada wa dharura hata kama amepata nafuu, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Na ile pakiti msiitupe. Njooni nayo. Namba ya bechi (mkupuo uliotengenezwa pamoja) ndiyo inayowezesha bidhaa ifuatiliwe.

---

#11 Hoja_Kwanza

Nimerudi. Nimesoma la Fundi mara mbili. Na lile la mleta uzi, la kipande kunasa kwenye kona siku tatu, sikuwahi kulifikiria, nilikuwa nahesabu miaka yangu kumi kama ushahidi. Kalamu yangu ya adrenalini nimeikagua sasa hivi, imepitwa na muda miezi mitano. Kesho naenda kuchukua nyingine.

Mleta uzi, wewe unachaguaje sasa? Unawaandikia kampuni?

---

#12 Mama_wa_Kalamu (mleta uzi)

Umefanya vyema sana kuikagua, mkuu. Na usisubiri jioni.

Ndiyo, nawaandikia. Mwanzoni nilikuwa nauliza "je, ni salama kwa mwenye mzio wa maziwa?" na nilikuwa napata majibu ya kunitakia siku njema. Sasa nauliza mambo ambayo mtu wa kiwandani lazima ayajibu kwa ndiyo, hapana au namba. Je, laini hii hupitisha maziwa siku nyingine? Mnasafisha kwa maji au kwa kukausha? Mnapima protini ya maziwa kwenye bidhaa iliyokamilika, mara ngapi, na kipimo chenu kinaweza kuona hadi kiasi gani? Mabaki mnayarudisha kwenye mchanganyiko? Aliyewauzia chokoleti na wanga amewapa maandishi gani? Natuma picha ya pakiti na namba ya bechi.

Mwezi uliopita niliandikia kampuni mbili zenye vitafunwa vya vegani ambavyo mwanangu ameviona kwa wenzake shuleni akavitamani. Ya kwanza ilijibu maswali mawili kati ya matano: laini ni moja na ya maziwa, usafi ni wa brashi na kifyonza vumbi. Vipimo hawakusema. Pakiti yao haina onyo lolote. Niliwaandikia tena kuwaomba waliweke, sijajibiwa bado.

Ya pili barua yao ilikuwa na kurasa tatu. Laini yao haipitishi maziwa kabisa, kila bechi inapimwa, na walinitumia matokeo ya bechi niliyoitaja: chini ya miligramu 2.5 kwa kilo, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho kipimo chao kinaweza kuhesabu. Walieleza hata jina la kipimo na siku sampuli ilipochukuliwa. Nilimpelekea daktari wa mtoto ile barua, akaisoma yote, akasema tujaribu kipande kidogo tukiwa pale pale kliniki.

Tulikwenda Alhamisi. Kipande cha ukubwa wa ukucha, kalamu iko mezani, nesi pembeni. Tulikaa saa mbili. Shingo safi, kifua safi.

Ameomba cha pili.